Paris waliuza mfuko wa mkimbizi, hapa kwetu mkimbizi akivaa vizuri anafutwa kwenye orodha



Jumapili iliyopita nilikuwa pale ninapochajisha simu, maana umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu tangu siku mbili. Kijana anayetunza kibanda hicho akanivuta mkono na kunionyesha video. «Mukubwa, angalia,» akaniambia, «hawa bazungu banavaa sawa vile tulikimbiaka volkano.»

Niliangalia. Theluji inaanguka, upepo unavuma kwa nguvu. Vijana, wanawake kwa wanaume, wanatembea wakiinama mmoja nyuma ya mwingine. Wamevaa makoti makubwa kuwazidi, na baadhi yao wameshika mfuko mkubwa uliofungwa kamba juu, kama ule wa kutupia takataka. Nyuma ya kioo kuna watu wamekaa kwenye viti, wanawatazama.

Watu waliokuwa wakingoja simu zao wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni hakucheka. Aliuliza tu: «Ni wapi kule? Banakimbia nini?»

Swali lake limenifuata wiki nzima, na ndilo linanifanya niandike leo. Wale watu hawakuwa wanakimbia kitu. Ilikuwa maonyesho ya nguo.

Maonyesho yenyewe

Video ile si mpya. Ni ya tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka wa 2022, pale Le Bourget, karibu na mji wa Paris, nchini Ufaransa. Kampuni ya nguo za kifahari Balenciaga ilikuwa inaonyesha nguo zake za majira ya vuli na baridi. Kwa wale wasiofuata mambo ya mitindo: kampuni kubwa za Paris, Milan, London na New York huonyesha nguo za baridi mwezi wa pili na wa tatu, ili ziwe zimefika madukani wakati baridi inapoanza tena kule Ulaya. Sisi hapa theluji tunaijua kwa kuisikia tu, labda wale wa upande wa Beni wanaoiona kwa mbali juu ya mlima Ruwenzori.

Theluji ya siku ile ilikuwa ya kutengenezwa. Waandaaji walijenga uwanja mkubwa wa mviringo uliozungukwa na kioo, wakaweka ndani yake theluji ya bandia na mashine za upepo. Wageni walikaa nje ya kioo, mahali pakavu. Wazo la kwanza lilikuwa kuzungumzia mabadiliko ya hali ya hewa, kwamba siku moja theluji itakuwa kitu cha kutengenezwa tu. Lakini siku 10 kabla ya maonyesho, tarehe 24 mwezi wa pili, Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine, na barabara za kule zilikuwa zimejaa watu wanaokimbia na mizigo. Basi kila aliyetazama wale vijana wakipambana na upepo aliona wakimbizi. Kwenye kila kiti mgeni alikuta fulana yenye rangi za bendera ya Ukraine, bluu na njano, na barua. Mwanzoni lilisomwa shairi kwa lugha ya Ukraine. Nguo mbili za mwisho zilikuwa moja ya njano na moja ya bluu.

Na ule mfuko? Ni mfuko wa ngozi ya ndama, uliotengenezwa ufanane na mfuko wa takataka. Ulipofika madukani mwaka huohuo ulikuwa unauzwa dola 1,790. Mbunifu mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwa utani kwamba hakutaka kupoteza nafasi ya kutengeneza mfuko wa takataka wa bei ghali kuliko yote duniani.

Kijana wa pale kibandani aliposikia bei hiyo alikaa chini.

Aliyetengeneza alikuwa mkimbizi

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tuwatukane wazungu, tuondoke. Lakini mambo hayako hivyo, na msikilizaji wetu ana haki ya kujua yote.

Mbunifu huyo anaitwa Demna. Alizaliwa mwaka wa 1981 huko Sukhumi, katika jimbo la Abkhazia, nchi ya Georgia. Mwaka wa 1993, akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, vita viliwafukuza. Familia yake iliacha nyumba, ikavuka milima ya Caucasus na kutafuta usalama upande mwingine wa nchi. Baadaye walihamia Ujerumani. Yeye alisomea ubunifu wa nguo huko Antwerp, Ubelgiji, akafanya kazi katika kampuni kubwa za Paris, na mwaka wa 2015 akawekwa kuongoza Balenciaga. Mwaka wa 2025 alihamia Gucci ya Italia.

Katika ile barua iliyokuwa kwenye viti aliandika kwamba vita vya Ukraine vilifungua tena kidonda alichokibeba tangu 1993, na kwamba tangu siku ile amebaki mkimbizi. Alifikiria hata kuyafuta maonyesho, kisha akaona kufuta ni kuupigia magoti ubaya.

Hata nyumba aliyoiongoza wakati ule ina historia ya kukimbia. Cristóbal Balenciaga, aliyeianzisha, alikuwa Mhispania, mtoto wa mvuvi na mama mshonaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Hispania, aliondoka, na mwaka wa 1937 akafungua nyumba yake ya nguo Paris.

Kwa hiyo mimi sisemi kwamba Demna hana haki ya kuzungumzia kukimbia. Anayo, kama sisi. Mtu aliyebeba mzigo wake usiku hatafuti ruhusa kwa mtu ili ausimulie. Kila mmoja wetu anausimulia kwa chombo alichonacho: mwingine kwa wimbo, mwingine kanisani, mimi kwa redio, yeye kwa nguo. Aliyetengeneza theluji ile alikuwa anaijua baridi.

Kinachonisumbua ni kile kioo, na bei. Kwa sababu mfuko ukishatoka kwenye mkono wa yule aliyekimbia, ukaingia dukani, anayeununua hanunui historia ya Demna. Ananunua sura ya mkimbizi bila njaa yake, na wakati wowote anaweza kuiweka kabatini.

Na si mara ya kwanza. Wengi mnaijua ile mifuko mikubwa ya nailoni yenye miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, yenye zipu juu, ambayo imebeba nusu ya maisha ya Afrika. Kule Afrika ya Magharibi inaitwa «Ghana Must Go», maana yake Waghana lazima waondoke. Jina hilo lilishika mwaka wa 1983, Nigeria ilipowafukuza wageni wasio na karatasi, wengi wao Waghana, nao wakafunga vitu vyao katika mifuko hiyo. Miaka 30 baadaye, katika nguo za baridi za mwaka wa 2013, kampuni ya Céline ya Paris ilionyesha makoti yenye miraba ileile. Wapenzi wa mitindo walipiga makofi.

Mzigo wetu wa 2021

Kijana wa kibandani alitaja volkano, basi niseme kidogo. Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, asubuhi, serikali ikatuamuru kuondoka katika mitaa mingi ya Goma. Sisi tulienda Sake kwa miguu. Mama yangu alibeba gunia la mchele lililokwisha. Alipolifungua kule Sake niliona namna alivyolipanga: chini kabisa kikwembe chake kizuri, kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe, halafu vyeti vyetu vya ubatizo na vya shule, juu yake sufuria na unga. Nilimuuliza kwa nini kikwembe badala ya blanketi la pili. Alinijibu kwamba hatujui tutapokewa na nani, na hatuendi kwa watu kama vichaa.

Watu wengi walipanga mzigo wao hivyo. Anayekimbia kwa kawaida anachukua nguo yake nzuri kuliko zote, au anaivaa. Ni akili: nguo nzuri hudumu, inaweza kuuzwa siku ya shida, na inakusaidia kupokewa. Wale vijana wa Paris walivalishwa kama watu waliookota chochote. Sisi hatukuokota. Tulichagua haraka, lakini tulichagua.

Mama aliyefutwa

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisilale.

Kabla kambi zilizozunguka Goma hazijavunjwa mwanzoni mwa 2025, nilikuwa nafika mara kwa mara katika kambi moja ya magharibi ya mji. Siku moja shirika fulani lilikuwa linahakikisha orodha ya watakaopewa msaada. Mama mmoja kutoka Rutshuru, mjane, mwenye watoto wanne, alisimama kwenye mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa amevaa kikwembe safi na kitambaa kichwani, vya rangi moja. Zamu yake ilipofika, yule mwenye orodha alimtazama toka juu hadi chini, akasema: «Huyu si mukimbizi. Angalieni namna amevaa.» Akaruka jina lake.

Nilikuwa pale. Niliandika. Mama yule aliponiona na kifaa cha kurekodia alinikaribia. «Mwanangu,» aliniambia, «hii kikwembe ndiyo moja tu niliponea nayo. Nimeifua jana juu ya kuja hapa. Banataka nivae gunia?»

Majirani walimshauri arudi siku ya pili amevaa nguo iliyochanika. Alikataa kwanza. Kisha, kwa sababu ya watoto, aliazima blauzi iliyotoboka kwa jirani, akavua kitambaa, akarudi. Akaandikwa.

Tulinganishe basi, ndugu msomaji. Kule, mwenye pesa alilipa dola 1,790 ili afanane na mtu aliyekimbia. Hapa, mtu aliyekimbia kwelikweli anapoteza chakula cha watoto wake kwa sababu hafanani na picha hiyo. Wa kule na wa hapa wana kosa moja. Wamekubaliana kwamba mkimbizi ana sura moja: chafu, imechanika, imepangwa ovyo. Na sura hiyo imewekwa na watu walio upande wa pili wa kioo.

Na sisi waandishi wa habari tumo ndani. Nakiri mbele yenu. Kwa habari ya siku ile nilihitaji picha. Nilikuwa na picha ya mama yule na kikwembe chake, amesimama wima. Nilikuwa pia na picha ya mtoto aliyevaa fulana iliyochanika mpaka tumboni. Nilichagua ya mtoto. Nilijua ndiyo watu watabonyeza. Sikumdanganya mtu, mtoto alikuwepo na fulana ilikuwa imechanika. Lakini nikiweka picha za namna hiyo moja baada ya nyingine mwaka mzima, namfundisha yule mwenye orodha jinsi ya kumtambua mkimbizi. Hilo ni kosa langu.

Mkongomani anajua nguo si hesabu ya benki

Hapa nchini tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wote. Sisi ni nchi ya sapé. Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan mwezi wa nne 2016, aliwafundisha vijana wa Kinshasa majina ya wabunifu wa Paris na wa Japani kabla hawajajua kufika uwanja wa ndege. Msapeur anaweza kukaa chumba kimoja na ndugu sita, akatoka Jumapili na koti la Yohji Yamamoto. Tunamcheka, tunamshangilia, tunajua ana njaa. Hakuna anayesema: huyu si maskini, tazameni viatu vyake.

Mbona basi haki hiyo tunamnyima mama wa Rutshuru?

Ya kuchukua na ya kuacha

Nisimalize bila kuwajibu wale wanaoniuliza redioni: katika mitindo hiyo ya baridi, kuna kitu cha kuvaa mtu wa hapa? Kipo, na hakihitaji dola 1,790. Goma iko juu, kwenye mita 1,500 hivi, na Masisi ni juu zaidi. Usiku wa mvua tunaijua baridi.

Makoti makubwa yanayomzidi mtu yamekuwa mtindo kwa miaka mingi, na Demna ni mmoja wa waliouvuma. Lakini mama anayebeba mtoto mgongoni amevaa koti la saizi kubwa zamani, ili lifunike wawili. Kwenye nguo za balo, kule Birere au soko la Virunga, koti kubwa mara nyingi halichangamkiwi kama linalobana. Ukilipata, angalia kwapani, angalia zipu, angalia kitambaa cha ndani. Koti zito la sufu linapendeza, ila likilowa halikauki siku mbili. Kwa anayelala chini ya turubai, jaketi la nailoni lenye kitambaa ndani ni afadhali. Kofia iliyoshonwa kwenye koti inafaa kwa mvua na kwa vumbi la mawe ya volkano.

Kuvaa nguo nyepesi mbili tatu juu ya nyingine kunatunza joto kuliko nguo nzito moja, na mchana unapunguza moja. Kikwembe cha pili mabegani kinafanya kazi ya shali yoyote ya Paris. Na kama koti limezidi kabisa, mpelekee mshonaji. Miongoni mwa waliokimbia kuna washonaji hodari waliopoteza cherehani, wengine wanaazima ya jirani kwa zamu. Koti moja la mtu mzima linatoa koti la mtoto na kofia. Kazi hiyo akipewa yeye, pesa inabaki kwa mtu aliyekimbia.

Kinachofaa kuachwa ni kujifanya umechakaa kwa sababu ni mtindo. Wale vijana wetu wanaochana suruali mpya, ni haki yao, sitagombana nao. Nawaomba tu wasivae hivyo wanapoenda kugawa msaada.

Ninachoomba

Kwa wanaoandika orodha: ulizeni mtu ametoka kijiji gani, aliondoka lini, analala wapi, ana watoto wangapi, na viongozi wao wathibitishe. Kazi hiyo ni ndefu kuliko kutazama nguo, najua. Siku hizi, watu wakiwa wametawanyika katika familia zinazowapokea, ni ndefu zaidi. Lakini nguo haijibu swali hata moja kati ya hayo.

Kwa wanaotoa nguo, parokiani na mitaani: mfue kwanza, mshone vifungo, mkunje. Kile usichoweza kumpa dada yako, usimpe mtu aliyekimbia. Viatu vya mguu mmoja si msaada.

Kwa sisi wa redio na wa picha: tuwaulize watu wanataka kuonekana namna gani kabla ya kupiga. Mimi nimeanza. Wiki jana mama mmoja aliniambia ningoje, akaingia ndani, akatoka baada ya dakika kumi amefunga kitambaa na kupaka mafuta usoni na kwa mtoto. Picha ilichelewa kutoka, habari haikuharibika.

Na kwa ninyi mliokimbia: msikubali kuvuliwa kikwembe chenu na mtu mwenye kalamu. Kama mmeambiwa maneno kama yale aliyoambiwa mama wa Rutshuru, nitumieni ujumbe wa sauti. Sitataja majina yenu. Nitakusanya visa hivyo na kuwapelekea wanaohusika, halafu tutavizungumza kwenye kipindi.

Yule mama wa kibandani alichukua simu yake na kuondoka kabla sijamweleza vizuri video ile ni ya nini. Akisoma hapa au akisikia redioni, ajue hivi: mama, wale hawakuwa wanakimbia. Aliyekimbia ni yule aliyezishona zile nguo, na ilikuwa zamani, akiwa mtoto. Wengine wote walirudi hotelini jioni ile.